Nani Atambeba Hilligje

Hilligje Dragt alipoletwa kijijini Smalveen kama bibi arusi, aliingia nyumbani kwa mumewe kwa hatua moja ya kawaida, kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Mlango ulikuwa sawa na ardhi. Leo mtu akitaka kuingia kwa mlango ule ule lazima apande ngazi nne, na ile ya chini kabisa inacheza. Nyumba haikupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

Huko Smalveen jambo hilo halimshangazi mtu. Nyumba zao zimesimama juu ya magogo ya msonobari yaliyopigwa chini mpaka kwenye mchanga, na kuzunguka magogo hayo umejaa ule udongo mweusi ambao mababu waliukata vipande kama matofali, wakaukausha, wakauchoma majikoni mwao. Udongo huo ukiwa na maji hutulia. Ukikauka hunywea, ukawa vumbi, ukapotea hewani taratibu bila mtu kuuona ukienda. Lakini ng'ombe hawakai kwenye bwawa, na trekta haiogelei, kwa hiyo maji lazima yavutwe. Basi pampu inavuta, udongo unanywea, ardhi inashuka, pampu nayo inateremshwa, inavuta tena. Kila baada ya miaka kadhaa watu wanaongeza ngazi moja mlangoni, wanakunywa kahawa, maisha yanaendelea.

Na ngazi haiwekwi na mtu mmoja. Ni bamba la zege, zito, linataka wawili: mwenye nyumba na jirani wa kwanza. Ngazi ya kwanza ya Hilligje iliwekwa na mumewe pamoja na mzee Kamphuis wa shamba la pili. Wote wawili wako makaburini sasa. Ya mwisho waliiweka watoto wao, Lubbert Dragt na Wubbe Kamphuis, siku moja ya joto, wamevua mashati, na Hilligje amesimama juu yao mlangoni kama nyapara.

"Upande wako umelala, Wubbe!"

"Si upande wangu, mama. Huyu mwanao hana mgongo."

"Mgongo anao. Kichwa ndicho alichokisahau tumboni mwangu."

Walicheka hata bamba likawaponyoka, likameguka pembe. Pembe hiyo iko hivyo mpaka leo.

Jirani wa kwanza huko hachaguliwi wala hakataliwi. Ni yule ambaye nyumba yake inafuata, basi, awe mtu mwema au mkorofi. Ng'ombe akishindwa kuzaa, unamwita yeye. Na mtu akifa, kabla ya kumwambia daktari, kabla ya kumwambia ndugu, unakwenda mlango wa nyuma wa jirani wa kwanza na kumwambia yeye. Tangu hapo wewe mfiwa huna kazi tena. Yeye ndiye anasimamisha saa ya ukutani, anafunga mapazia, anawaita majirani wengine. Wake zao wanaosha maiti, na wanaume wanabeba jeneza mpaka kaburini kwa mikono yao. Baadaye mfiwa anawawekea kahawa na mkate wa zabibu, wanakaa, wanakula, wanamsengenya marehemu kwa upendo. Ndiyo shukrani yenyewe, hakuna nyingine.

Hilligje, alipofika umri wa kulala kitandani mchana kutwa, alikuwa na ombi moja tu duniani.

"Nibebwe," alisema. "Sitaki lile gari jeusi la mjini lenye viti vya ngozi. Mimi si waziri."

"Utabebwa, mama," Lubbert alimwambia.

"Na Wubbe ashike upande wa kichwa. Ana mikono mizuri. Wewe ungeniangusha."

Sasa huyu Lubbert. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, masikio yake yakigeuka mekundu kila alipoangaliwa na watu zaidi ya watatu. Shamba la baba yake lilikuwa dogo, likauzwa, yeye akawa dereva wa lori la maziwa. Miaka mingi alizunguka uwanja mmoja baada ya mwingine, anapiga honi mara mbili, anaunganisha mpira kwenye tangi, na maziwa yakiendelea kupanda anaingia jikoni kunywa kahawa. Alijua nani kanunua fahali mpya, nani hazungumzi na mkwewe. Siku chama cha wakulima kilipotafuta mtu wa kugombea kiti cha bunge la mkoa, walisema mbona hakuna haja ya kuhangaika, Lubbert tayari yumo katika kila uwanja. Wakampiga picha, wakaibandika kwenye mbao kandokando ya barabara. Akachaguliwa bila kujua amesema nini.

Kila Jumatano alivaa koti lake moja zuri, akaenda mjini. Alipiga kura juu ya njia za baiskeli, juu ya mabasi, mara moja juu ya kuwajengea daraja fisi maji, wale wanyama wa mitaroni waliokuwa wakigongwa na magari. Aliporudi Wubbe alikuwa akimsubiri getini.

"Mheshimiwa! Fisi maji wanasemaje?"

"Wanakusalimia."

"Waambie na mimi nataka daraja langu."

Halafu ukaja ule muswada wa maji. Ulikuwa na jina refu ambalo hata walioliandika walilikata katikati. Smalveen waliuita Sheria ya Shibiri, kwa sababu ndivyo ulivyosema: katika nchi yote ya udongo mweusi, maji ya mitaro yapandishwe mpaka yabaki shibiri moja tu chini ya majani. Wakati huo yalikuwa chini kabisa, kina cha kufika kiunoni mwa mtu. Ardhi iache kushuka, walisema wale wa mjini, na ule udongo uache kupotelea hewani na kuichafua. Mashamba ya juu yangeweza kuishi na maji hayo, kwa shida. Shamba la Wubbe lilikuwa la chini kuliko yote. Yeye na binti yake Jorien, aliyekuwa amekwisha kusaini kulichukua, wangebaki na ziwa na banda la ng'ombe katikati yake.

Wubbe hakumwomba Lubbert kitu. Alimwuliza tu, mpira wa maziwa ukiwa unavuta:

"Utakataa, sivyo?"

"Nitakataa," alisema Lubbert.

Alisema hivyo, na wakati anasema aliamini. Lakini lori la maziwa ni zito, na mtu anayeliendesha anajua mambo ambayo mwenye baiskeli hayajui. Barabara ya Smalveen ilikuwa imeanza kupumua. Ukipita nalo limejaa, lami mbele yako inainuka kidogo na nyuma yako inashuka, kama mgongo wa mnyama aliyelala. Hakumwambia mtu. Alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza pia kuona nyufa: kwa mwalimu Boelens, ufa ulioanzia dirishani; shuleni, milango iliyopigwa randa ili ifungike; kanisani, mnara ulioegemea upande wa mtaro, na kamba ya kengele iliyokuwa haining'inii tena katikati ya chumba.

Siku ya kura ilipofika Lubbert alivaa koti, akakaa jikoni, akalivua.

Mkewe Roelie alikuwa akimenya viazi. "Huendi?"

"Lori limekwama."

Roelie alichungulia dirishani. Lori lilikuwa limesimama uwanjani, kavu, magurudumu yote juu ya zege.

"Limekwama wapi?" aliuliza. Kisha akaendelea na viazi vyake.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa Smalveen, ambako mwenye aibu hukaa nyumbani na watu wakajifanya hawakuona. Alidhani bungeni nako ni hivyo. Alidhani wakimkosa wataendelea bila yeye, watakubali au watakataa, na yeye atakuwa hakusema neno. Lakini kura zilifungana, nusu kwa nusu. Na kanuni ya bunge lile ni kwamba kura zikifungana na mjumbe hayupo, jambo halifi. Linasubiri kikao kinachofuata, wiki mbili baadaye, linapigiwa tena. Jioni redio ilitangaza hivyo kwa maneno machache, ikasema na kiti cha nani kilikuwa kitupu, na kwamba mwenyewe alipiga simu kusema lori limekwama.

Asubuhi iliyofuata hakuna jiko lililomwita kwa kahawa. Alipiga honi mara mbili, akaunganisha mpira mwenyewe, akasimama peke yake karibu na tangi akisikiliza mashine. Nyuma ya mapazia palikuwa na watu, aliwaona wakisogea. Kando ya barabara bendera zilikuwa zimepandishwa kichwa chini kwenye kila nguzo, ishara ya wakulima waliokasirika. Na mbele ya daraja la Kamphuis mtu alikuwa ametoa ule ubao wake wa uchaguzi kutoka ghalani ulikokuwa umewekwa, akausimika ndani ya mtaro. Maji yaliifikia picha yake mdomoni. Macho ya Lubbert, makubwa kama sahani, yalitazama juu ya maji, yakitabasamu bila mdomo.

Hakuuondoa. Alipita polepole.

"Waliuweka vizuri," alimwambia Roelie. "Umenyooka."

"Wewe nawe!" Roelie alisema. "Mama ataondoka wakati wowote, Lubbert. Watakuja? Umejiuliza? Watakuja?"

Alikuwa amejiuliza. Tangu redio isome jina lake hakuwa akijiuliza kitu kingine. Kila alipokwenda nyumbani kwa mama yake kumpelekea uji, alimkuta anamtazama.

"Mbona Wubbe haji siku hizi?" Hilligje aliuliza.

"Ana kazi."

"Kazi gani? Ng'ombe wanakamuliwa na mashine. Mmegombana?"

"Hapana, mama."

"Masikio yako mekundu."

Katikati ya wiki hizo mbili za kusubiri, bomba la gesi lilikatika kwa Boelens. Ardhi ilikuwa imeshuka, nyumba imebaki juu ya magogo yake, na bomba lililokuwa kati ya hayo mawili likavutwa mpaka likaachia. Mwalimu Boelens na mkewe walikuwa nje wakifagia majani; ndiyo sababu wako hai. Zimamoto walifunga barabara, wakachimba mbele ya nyumba, na Lubbert, ambaye lori lake halikuweza kupita, alishuka akaenda kuchungulia kama wengine.

Walikuwa wamefika kwenye vichwa vya magogo. Miaka mia magogo yale yalikaa ndani ya maji, na gogo la msonobari ndani ya maji halina umri. Lakini maji yalikuwa yameshuka, vichwa vimebaki hewani, vikaoza. Kijana wa zimamoto alimwambia Lubbert, gusa. Lubbert alipiga magoti, akagusa. Kidole gumba chake kiliingia chote. Hakusukuma. Kiliingia kama katika mkate uliochovywa kwenye maziwa, na alipokitoa shimo lilibaki pale, likajaa polepole maji meusi.

Juu ya gogo lile kulikuwa na ukuta, na juu ya ukuta chumba cha kulala cha watu. Lubbert alitazama mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, zote zilizojengwa mwaka mmoja, zote kwa magogo ya msitu mmoja. Alijifuta kidole kwenye suruali. Jioni bado kilikuwa kinanuka.

Kesho yake alikwenda kwa Wubbe. Hakwenda na lori; alikwenda kwa miguu, akapitia mlango wa nyuma. Wubbe alikuwa bandani anasukuma mavi kwa reki, mwembamba, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Mheshimiwa kaja kwa miguu," Wubbe alisema bila kugeuka. "Lori limekwama tena?"

"Wubbe, nimeyaona magogo ya Boelens."

"Kila mtu kayaona."

"Nimetia kidole. Hakuna kitu mle. Ni uji. Yako ni yale yale, ya mama ni yale yale. Nyumba hizi zitaanguka, jirani. Zitaanguka na watu ndani."

Wubbe aliegemeza reki ukutani. Alikuwa mtu asiyependa kupaza sauti, hata ng'ombe aliwasemesha chinichini.

"Nyumba yangu itaanguka siku moja," alisema. "Labda. Shamba langu litakufa Mei, nyasi zikioza. Hilo halina labda. Babu yangu aliikausha ardhi hii kwa koleo. Sasa wewe, uliyekula jikoni mwangu kila siku ya tatu, unataka kunyanyua mkono mjini uirudishe kuwa ziwa?"

"Sijasema nitafanya nini."

"Uliniambia utakataa."

"Nilikuambia."

"Basi?"

Lubbert alitazama ng'ombe. Walikuwa wakimtazama pia, wote kwa pamoja, wakitafuna.

"Mama yuko mwishoni," alisema hatimaye. "Nataka kujua kitu kimoja tu, Wubbe. Utambeba?"

Wubbe alichukua reki yake. Alisukuma mavi mpaka mwisho wa banda, akageuka, akarudi akisukuma upande wa pili, akampita Lubbert kana kwamba ni nguzo. Jorien, binti yake, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mbili. Yeye ndiye aliyesema.

"Nenda nyumbani, mjomba Lubbert. Tafadhali."

Alikuwa akimwita mjomba tangu anajifunza kutembea. Lubbert alirudi kwa njia ya mtaro, akapita karibu na uso wake mwenyewe majini. Usiku ule mvua haikunyesha, ila asubuhi aliona maji yamemfika chini ya macho. Ubao ulikuwa unazama taratibu kwenye matope.

Siku ya kikao cha pili trekta zilijaa mjini toka alfajiri. Zilizunguka jengo la bunge, injini zinanguruma, hakuna aliyepiga honi. Lubbert alipita katikati yake na koti lake zuri. Aliwafahamu wote, alijua kila trekta ni ya uwanja gani. Walizima injini moja moja alipokuwa anapita, mpaka akafika mlangoni katika ukimya mtupu, akisikia viatu vyake mwenyewe.

Ndani, wajumbe wa chama chake walimpa mkono. Kiongozi wao, bwana mmoja mchangamfu wa mjini aitwaye Nijenhuis ambaye hakuwahi kumiliki hata kuku, alimpiga begani.

"Leo lori halijakwama, kaka?"

"Halijakwama."

"Safi. Neno moja tu, tunakwenda kula."

Huko, wakipiga kura kwa kuitwa majina, hawaanzi na herufi ya kwanza. Mwenyekiti anatia mkono kwenye kikasha, anatoa namba, na mjumbe mwenye namba hiyo ndiye anaanza. Wengine wanafuata mpaka duara litimie. Siku hiyo mwenyekiti alitoa namba ya bibi aliyekaa kuliani kwa Lubbert. Maana yake Lubbert angekuwa wa mwisho.

Basi alikaa akasikiliza. Nakubali. Nakataa. Nakataa. Nakubali. Karani alikuwa anaweka alama kwa penseli bila kuinua kichwa. Sauti zilizunguka ukumbi, zikaenda mbali, zikaanza kurudi kuelekea kwake. Juu roshanini walikaa watu wa Smalveen, kofia magotini, na katikati yao Wubbe, amejifunga vifungo vya jaketi mpaka shingoni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anatazama kama mtu anayemtazama daktari wa mifugo akipapasa tumbo la ng'ombe wake.

Lubbert alimfikiria mama yake, na mikono mizuri ya Wubbe. Akajiambia: sema nakataa, mzike mama yako kama alivyoomba, mengine Mungu anajua. Neno lilikuwa tayari kinywani. Jina la jirani yake wa kushoto likaitwa, akajibu. Kura zikawa zimefungana tena. Wakaita Dragt.

Bila kujua anafanya nini alikuwa amekibana kidole gumba chake ndani ya ngumi, na alikihisi kikizama tena ndani ya lile gogo, kilaini, bila kizuizi.

"Nakubali," alisema.

Nijenhuis alifumba macho. Kule juu wakulima walisimama wote, wakavaa kofia zao humo humo ndani ya ukumbi, wakatoka mmoja mmoja. Wubbe alikuwa wa mwisho. Alipofika mlangoni hakugeuka.

Wiki kadhaa zikapita, na zilikuwa tulivu kuliko alivyotarajia. Dirisha lake halikuvunjwa. Matairi yake hayakuchomwa. Alipiga honi, akavuta maziwa, akaondoka. Mtu akikaa kwa kungojea kipigo ambacho hakiji huanza kusikia vitu: Roelie alisema kila siku kwamba nyumba inalia, na Lubbert alimwambia ni upepo.

Hilligje alikufa asubuhi ya baridi, baada ya kula kijiko cha mwisho cha uji na kulalamika kuwa hauna sukari. Kabla ya hapo alimshika mwanawe mkono.

"Watanibeba?"

"Watakubeba, mama."

"Masikio," alisema, akafumba macho.

Lubbert alivaa kofia, akatoka. Hakuwahi kuiona njia ile kuwa ndefu. Ubao ulikuwa umekwisha kuzama, imebaki nywele tu juu ya maji. Alifika mlango wa nyuma wa Kamphuis, akagonga, akaingia. Wubbe na Jorien walikuwa mezani na mkate.

"Mama ametutoka," alisema Lubbert. "Nimekuja kwako kwanza."

Wubbe aliweka kisu chini. Alitafuna kilichokuwa mdomoni, akameza. Kisha akasimama, akaenda kwenye bomba, akaosha mikono yake kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaifuta, akachukua kofia yake, akatangulia kutoka.

Alifanya yote. Alisimamisha saa. Alifunga mapazia. Alikwenda mlango hadi mlango na kofia mkononi, na saa sita nyumba ilikuwa imejaa wanawake na maji ya moto. Lubbert alikaa jikoni kama desturi inavyotaka, bila kazi, akalia kwa uchungu na kwa kufarijika pamoja. "Umeona?" alimwambia Roelie. "Umeona? Wamekuja." Roelie aliwatazama wale wanawake wakipita. Walifanya kila kitu kwa upole, na hakuna hata mmoja aliyemwita jina lake.

Siku ya mazishi walimtoa kwa mlango wa mbele, ule ambao kwa kawaida haufunguliwi ila kwa bibi arusi na maiti. Wubbe alishika upande wa kichwa. Walimshusha ngazi moja moja, na walipofika ile ya chini, yenye pembe iliyomeguka, ilizama chini ya uzito wao kwa mlio kama wa mtu anayevuta pumzi. Wubbe aliijua, aliweka mguu palipo imara, hakuyumba. Walimbeba hadi makaburini bila kumweka chini. Kaburi lilikuwa na maji kidogo, kama makaburi yote ya huko, na waliteremsha kamba taratibu mpaka zikalegea.

Roelie alikuwa ametandika meza ndefu katika ukumbi wa kanisa. Kahawa ilikuwa inachemka, mikate ya zabibu imekatwa na kupakwa siagi nene. Lubbert alisimama mlangoni kuwakaribisha wabebaji kwanza, kama ilivyo.

"Karibuni. Wubbe, pita. Kahawa iko tayari."

Wubbe alisimama mbele yake. Wengine walisimama nyuma.

"Kahawa ni ya majirani," alisema Wubbe, kwa ile sauti yake ya chini. "Tumembeba Hilligje kwa sababu Hilligje alikuwa jirani yetu. Hapo tumemaliza."

"Wubbe..."

"Siku yako ikifika, Lubbert, au ya mkeo, piga simu mjini. Nasikia gari lao lina viti vya ngozi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. Akaweka kofia kichwani, akashuka, na wote wakamfuata, wanawake pia. Trekta ziliwashwa upande wa pili wa uzio. Ndani walibaki mchungaji, Roelie, shangazi mmoja kiziwi wa kutoka mjini aliyeendelea kuuliza watu wako wapi, na ile mikate.

Kesho yake Lubbert alikwenda kufunga nyumba ya mama yake. Ngazi ya chini ilikuwa imezama upande mmoja, na kati yake na ile ya pili palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha kichwa cha mtoto. Huwezi kuiacha hivyo. Mtu atavunjika mguu. Alileta mtalimbo na mchanga, akavua koti. Alifanikiwa kuinua upande mmoja mpaka magotini. Kisha akasimama hivyo, bamba limeegemea mapaja yake, hawezi kulishusha bila kuponda vidole wala kulipandisha zaidi.

Ng'ambo ya mtaro Wubbe alikuwa uwanjani kwake, anafunga lango. Aliona. Hakuna njia ambayo asingeona. Alikagua komeo mara mbili, akaingia ndani.

Lubbert alibaki amelishikilia. Pampu ilikuwa bado inavuta kule mwisho wa mtaro, kwa majira ya baridi ya mwisho kabla ya maji kupandishwa, na chini ya miguu yake, ndani kabisa, aliisikia nyumba ikijiweka sawa juu ya magogo yaliyooza.